Kata ya Kichwani Katika Shule ya Kata

Dakika ya 22 ya kipindi, msichana wa safu ya nne alinyoosha mkono. Ulikuwa mkono wa kwanza tangu mwalimu aanze kufundisha. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu kuhesabu mikono ni sehemu ya kazi iliyonipeleka pale.

Ilikuwa mwezi Agosti, shule ya sekondari ya kata huko Mbagala, Dar es Salaam, Kidato cha Kwanza B, somo la Fizikia, mada ya "pressure". Wanafunzi walikuwa zaidi ya 80, watatu watatu kwenye madawati ya wawili. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kwenye kiti nilichoazimwa ofisi ya taaluma, fomu ya tathmini juu ya goti. Aliyesimama mbele alikuwa mwanachuo wangu wa Stashahada ya Uzamili ya Ualimu. Ana shahada ya sayansi, fizikia na hisabati, na mwaka huu mmoja wa uzamili ndio unaomgeuza kutoka mtu anayeijua fizikia kuwa mtu anayeruhusiwa kuifundisha. Mazoezi ya kufundisha, ambayo kila mtu chuoni anayaita TP, ndiyo mtihani wenyewe hasa.

"Yes?" akamwita yule binti.

Binti akasimama. "Madamu, ndiyo maana mtu akibeba ndoo anaweka kata, ili isimuumize kichwa?"

Kwa asiyeijua (siku hizi wapo, bomba limeingia nyumba nyingi), kata ni ule mviringo wa kanga au kitambaa kilichosokotwa ambao mtu huuweka utosini kabla ya kujitwisha mzigo. Haina uhusiano na kata ya diwani, ingawa siku hiyo zilikutana.

Madamu alitabasamu. Halikuwa tabasamu la dharau, lilikuwa la mtu aliyebanwa. "In English, please," akasema.

Binti akabaki amesimama. Akafungua mdomo, akaufunga, akamtazama jirani yake, akakaa. Somo likaendelea. Mpaka kengele inalia hapakuwa na mkono mwingine, ingawa kila Madamu alipouliza "Do you understand?" darasa zima liliitikia "Yes, madam!" kwa sauti ya kutikisa bati.

Kisa ndicho hicho, hakizidi dakika mbili. Nimekitumia kufundishia mara kadhaa tangu wakati ule, na kila nikikigeuza nakuta kosa limehama. Mara ya kwanza nililikuta kwa mwalimu. Baadaye likawa kwa shule. Sasa hivi linalala nyumbani kwangu.

Nianze na somo lenyewe, maana halikuwa somo baya. Madamu alikuja na kipande cha mbao na sponji la kuoshea gari. Akakilaza kipande juu ya sponji, likabonyea kidogo. Akakisimamisha, likazama. Kifaa cha senti chache na kinaonekana hata kwa aliyekaa nyuma. Nilimpa alama zote za zana. Kisha akaandika ubaoni tafsiri ambayo kila aliyesoma Fizikia nchini anaikariri: "Pressure is the force acting normally per unit area." Wanafunzi wakanakili. Akafanya mfano wa hesabu: kipande chenye uzito wa nyutoni 24, kikilala kwenye upande wa meta 0.3 kwa 0.2 kinaleta paskali 400, kikisimama kwenye upande wa meta 0.2 kwa 0.1 kinaleta 1,200. Hesabu safi.

Baada ya kipindi niliomba kuona madaftari machache. Katika matano niliyofungua, matatu yalikuwa na maandishi ya penseli pembeni, Kiswahili kidogo kidogo, mtoto anajitafsiria mwenyewe. Moja liliandikwa: "presha ni nguvu ya kawaida kwa eneo moja."

Hapo nilikaa kidogo. Mtoto yule hakuangushwa na neno "pressure". Hilo alilijua kuwa geni, akaliwekea tahadhari. Aliangushwa na "normally", ambalo Mwalimu wa Kiingereza alishamfundisha kuwa ni "kwa kawaida", na ambalo kwenye Fizikia maana yake ni wima, kwa pembemraba, nyuzi 90 na uso unaosukumwa. Neno geni hubisha hodi. Hili liliingia limevaa sare ya shule, hakuna aliyelisimamisha getini. "Unit" nalo likageuka "moja", kwa hiyo eneo likawa "eneo moja", kana kwamba yapo mawili. Tafsiri ya maneno manane, na mtoto kaibeba yote kwa uaminifu, na ndani yake hamna fizikia.

Madamu hakujua, wala asingeweza kujua, kwa sababu jibu pekee alilopewa na darasa ni "Yes, madam." Keith Chick, aliyechunguza madarasa ya KwaZulu wakati wa ubaguzi wa rangi, aliyaita mazungumzo ya namna hiyo mazungumzo ya usalama: mwalimu anaonekana anafundisha, wanafunzi wanaonekana wanajifunza, hakuna anayeaibika. Mkono wa yule binti ulikuwa umelichana pazia hilo. Kwa dakika moja kulikuwa na mtu darasani anayefikiri kwa sauti.

Tulikaa chini ya mwarobaini kufanya mazungumzo ya baada ya somo. Kabla sijafungua fomu alinianza yeye.

"Dokta, najua unachotaka kusema. Nimemzima yule mtoto."

"Kwa nini ulimzima?"

"Kuna bango pale getini, Speak English. Mwalimu wangu mlezi alikuwa anapita koridoni. Na wewe ulikuwa nyuma na fomu." Akanyamaza kidogo. "Lakini siyo hilo tu. Ningemjibu nini? Kusema ndiyo ningesema. Baada ya ndiyo? Mimi 'pressure' kwa Kiswahili siijui, Dokta. Najua presha. Na presha ni ya bibi yangu."

Nilicheka, halafu sikucheka tena.

Huyu ni binti wa Dar es Salaam, Kiswahili ndiyo lugha ya kwao, na akienda sokoni Tandika kupatana bei ya viazi ananizidi mbali. Lakini shule ya msingi alisoma "English medium", sekondari ikawa ya binafsi, chuo kikuu ni Kiingereza. Kiswahili chake hakijawahi kuvaa koti la maabara. Wanafunzi wake ni kinyume chake kabisa. Wamesoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, hadi darasa la saba: kani, nishati, wenzo, egemeo, usanisinuru. Hawa wa Mbagala wengi wana na lugha ya nyumbani juu yake, Kimakonde, Kingindo, Kimatumbi, maana upande ule wa jiji umejaa watu waliopanda kutoka Lindi na Mtwara. Kwa hiyo katika chumba kile chenye watu zaidi ya 80, wote walikuwa na msamiati wa sayansi kwa Kiswahili isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyeshika chaki.

Wakati tumekaa kimya, mwalimu mmoja mzee wa Jiografia aliyekuwa akisahihisha kwenye benchi la pili alituingilia bila kuombwa, kama wazee wanavyojipa haki.

"Kanieneo, mwanangu."

"Shikamoo, Mwalimu. Unasemaje?"

"Marahaba. Hiyo pressure yenu. Kani, eneo. Kani gawanya kwa eneo. Kanieneo." Akarudi kwenye madaftari yake. "Jina lenyewe ndiyo fomula."

Mzee huyo alianza kazi na cheti cha Daraja A, akafundisha sayansi ya msingi miaka mingi kabla ya kujiendeleza. Sina hakika kama nimewahi kusikia mhadhara wa ualimu mfupi na mzito kuliko ule. Mtoto anayejua kani, na anajua eneo tangu hesabu za darasa la nne, akipewa neno kanieneo amepewa kanuni nzima mkononi. "Pressure" halimwambii kitu. Ni lazima aikariri kanuni kando na jina lake. Na neno hilo si la kutungiwa chini ya mwarobaini. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, mwaka 1990. Miaka yote niliyofundisha walimu wa sayansi sikuwahi kumwambia hata mmoja aifungue kamusi hiyo.

Nilipofika nyumbani jioni nilianza kuhesabu. Dar es Salaam jambo hili lina majina manne. Fundi wa pancha analiita upepo: "tairi ya nyuma upepo mdogo." Zahanati wanaliita presha. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitangaza kimbunga, kama walivyofanya Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, wanasema mgandamizo mdogo wa hewa. Kamusi inasema kanieneo. Watoto wa Mbagala wanaishi ndani ya maneno haya, matatu ya mwanzo wanayasikia wiki nzima, na hakuna hata moja lililoruhusiwa kuingia darasani siku ile mada yake ilipofika.

Sasa nije kwangu.

Muhula uliotangulia nilikuwa nimewafundisha mwanachuo huyu na wenzake kozi yenye sehemu ya wanafunzi wa lugha nyingi. Ilikuwa kozi nzuri, au niliiona hivyo. Tulianza na historia ya hapa nyumbani, ambayo kila mwalimu anaijua na naipita haraka: Kiswahili kushika shule za msingi baada ya 1967, Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuchunguza elimu, mwaka 1982 kupendekeza kiingie sekondari kuanzia 1985, pendekezo lisitekelezwe, watafiti Criper na Dodd kupima Kiingereza cha wanafunzi mwaka 1984 na kukuta hakitoshi kusomea. Halafu tukaenda Marekani, kesi ya Lau na Nichols, Januari 1974, Mahakama ya Juu kuamua kwamba watoto wa Kichina wa San Francisco kupewa vitabu na walimu sawasawa na wenzao hakutoshi ikiwa hawaelewi lugha ya darasani. Halafu Kanada, mtafiti Jim Cummins na tofauti aliyoichora mwaka 1979 kati ya lugha ya maongezi, ambayo mtoto huipata kwa miaka miwili hivi, na lugha ya kitaaluma, inayochukua mitano hadi saba. Madamu aliandika insha juu ya Cummins. Nilimpa A. Bado naamini ilistahili A.

Shida ni kwamba maarifa hayo yote yamejengwa juu ya darasa la aina moja. Huko, mwalimu anazungumza lugha ya nchi, watoto wengi wanaizungumza, na pembeni wapo wachache waliokuja na lugha nyingine. Pengo liko kwa mtoto mgeni, na mwalimu anafundishwa kulitambua na kulijengea daraja. Miaka mitano hadi saba ya Cummins ni ya mtoto anayekisikia Kiingereza dukani, kwenye basi na kwa marafiki. Mbagala ukisikia Kiingereza nje ya geti la shule basi ni cha kwenye televisheni. Na muhimu zaidi: Mbagala mgeni darasani si mtoto. Mtoto na mwalimu wana lugha moja. Mgeni ni kitabu. Kozi yangu ilimfundisha Madamu kumtazama mwanafunzi na kuuliza amepungukiwa nini. Haikumfundisha kujitazama. Nilimwambia "tumia lugha ya kwanza ya mwanafunzi kama nyenzo", akaandika kwenye daftari lake kwa Kiingereza, akajibu mtihani kwa Kiingereza, akapasi. Sikuwahi kumwambia: hebu simama hapa unielezee kani kwa Kiswahili dakika tano. Ningemwambia angejua mapema, na mimi ningejua, kwamba nyenzo tunayoisifia yeye hanayo.

Kisha kuna fomu. Fomu yetu ya TP ina kipengele cha umahiri katika lugha ya kufundishia, alama 10. Somo la Fizikia lugha yake ni Kiingereza, basi. Angemjibu yule binti kwa Kiswahili, sawasawa na nilivyomfundisha kwenye mhadhara, mimi huyohuyo ningetakiwa kumkata. Nilimpa 8. Fikiria: alama nane kwa kumnyamazisha mtoto kwa Kiingereza fasaha.

Haitakuwa haki nikimchora mwalimu mlezi kama adui. Nilizungumza naye, ni mtu makini, na hoja yake si ya kupuuza. "Dokta, nyie mnakuja wiki nane mnaondoka. Mimi nabaki nao mpaka Kidato cha Nne. Pepa la NECTA, la Baraza la Mitihani, linakuja kwa Kiingereza, jibu linatakiwa kwa Kiingereza. Ukiwazoesha Kiswahili watakufa kwenye pepa." Ni kweli. Sera ya elimu ya 2014 ilizungumzia Kiswahili kutumika ngazi zote. Toleo la 2023 limerudi kusema sekondari ni Kiingereza. Mwalimu wa darasani hafundishi katika nchi tunayoitamani, anafundisha kwa ajili ya karatasi itakayoletwa Novemba. Ninapotofautiana naye ni kwenye mpangilio tu. Yule binti alikuwa na wazo, akakosa Kiingereza cha kulibebea. Mwalimu mlezi anaamini ukimnyima Kiswahili atalazimika kukitafuta Kiingereza. Nilichokiona mimi ni kwamba ukimnyima Kiswahili analiacha wazo lenyewe, na Kiingereza kinakuja, kikija, hakina cha kubeba.

Tulikubaliana na Madamu arudie mada kwenye vipindi viwili vilivyofuatana vya Jumanne. Mkuu wa shule alituruhusu kwa sharti moja: "Kiswahili sawa, ila mfunge mlango." Darasa halikuwa na mlango.

Maandalizi yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Mtu mwenye shahada ya fizikia ananitumia ujumbe wa sauti saa nne usiku: "Dokta, 'perpendicular' ni nini?" "Mass" je? Nikamjibu tungamo, akasema hilo neno analijua kwenye uchaguzi tu. Nikamwambia hapana, hiyo ni tamko. Kwenye andalio lake la somo tuliongeza mstari ambao fomu ya serikali haina: lugha ya leo. Chini yake akaandika vitu viwili. Cha kwanza, maneno matatu ya Kiingereza yatakayofundishwa kama maneno: "normally", "per", "unit". Cha pili, sentensi mbili ambazo kila mwanafunzi lazima atoke akiweza kuzisema: "When the area increases, the pressure decreases" na "The pressure is greater because the area is smaller." Hii nayo niliisoma kwenye vitabu vya nje, kwamba kila somo liwe na lengo la maudhui na lengo la lugha. Hiyo ilifaa. Sisemi kila cha nje hakifai.

Jumanne Madamu aliingia na ndoo na kanga. Akamwita yule binti kwa jina, akamwambia, "Juzi uliuliza swali la maana nikalikata. Liulize tena." Binti alisita, akamtazama kana kwamba ni mtego. Akaliuliza. "Haya," akasema Madamu, "dakika kumi, wawili wawili, kwa Kiswahili. Kata inasaidia nini?"

Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile. Walibishana kama kata ya kanga ni bora kuliko ya majani makavu ya mgomba. Kijana mmoja aliyehamia kutoka Kigoma akasema kwao mpakani na Burundi wanaiita ingata. Darasa likacheka, Madamu akaliandika ubaoni pembeni ya kata, na kicheko kikaisha. Mwingine akaleta viatu vya mchuchumio vinavyozama mchangani kwenye harusi. Mwingine akaleta tairi za trekta. Halafu mvulana wa safu ya mwisho, ambaye mara ya kwanza alilala, akasema: "Madamu, lakini kata ina tundu katikati. Sasa hilo eneo linaongezekaje wakati katikati hakuna kitu?"

Madamu akanitazama. Mimi nikatazama fomu.

Ni swali gumu, na sijaliona kwenye kitabu chochote cha Kidato cha Kwanza. Alifikiri mbele yao, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Akachukua ndoo, akaiweka juu ya kichwa cha mvulana mwenyewe bila kata. "Kitako cha ndoo ni bapa. Kichwa chako ni duara. Vinagusana wapi?" Hapa tu, wakasema, wakionyesha utosi. "Kwa ukubwa gani?" Wakasema kama kiberiti. Akaweka kata. Sasa ndoo inakaa juu ya mviringo, na mviringo unakishika kichwa kuzunguka pande zote. "Tundu lipo," akasema, "lakini jumla ya panapogusana?" Kama kiganja, wakasema. Basi wakapiga hesabu kwa makadirio yao wenyewe. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, yaani nyutoni 200 hivi. Bila kata, eneo la meta za mraba 0.002: paskali 100,000. Na kata, meta za mraba 0.01: paskali 20,000. Mara tano. Kijana mmoja akapiga mluzi. (Hiyo laki moja ni karibu sawa na kanieneo ya hewa hapa pwani. Nilitamani kuwaambia, nikajizuia. Haikuwa siku yangu.)

Ndipo akaleta neno kanieneo, akalikata vipande viwili kwa chaki, na pembeni yake akaandika "pressure". Akafundisha "normally" kwa kusimamisha rula juu ya meza kwa pembemraba. Na nusu saa nzima iliyobaki ilikuwa Kiingereza: sentensi zile mbili, wakizisema, wakizigeuza, wakibadilishana area na kata na ndoo na tairi.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Muda ulimpiga. Kipande cha hesabu za kugeuza vizio hakikufikiwa kabisa, na mwalimu mlezi alilazimika kukifidia wiki iliyofuata, jambo ambalo hakulifurahia. Wapo watoto, nilihesabu kama kumi, ambao hata kwa Kiswahili hawakusema neno. Ukimya wao una sababu nyingine ambazo Kiswahili peke yake hakizifungui. Na ilipofika sehemu ya Kiingereza, sauti zilishuka tena, ingawa si kama mwanzo.

Kwenye jaribio la Ijumaa kulikuwa na swali: "Explain why a person carrying a bucket of water puts a pad on the head." Alama nne. Yule binti aliandika: "Because kata make area big so pressure to head is small."

Mwalimu mlezi alitaka apewe 1. "Sarufi hakuna, na kata si Kiingereza." Madamu alitaka 4: eneo limetajwa, kanieneo imetajwa, uhusiano wake uko sahihi, "because" ipo na "so" ipo mahali pake. Wakaniletea mimi. Nikasema 3, nikajisikia kama mwanasiasa. Usiku nilijiuliza ile alama moja niliikata kwa kosa gani la fizikia, na sikulipata. Ningekuwa nasahihisha Kiingereza ningeijua. Siku hizi nikionyesha karatasi ile kwa wanachuo wapya nawaomba wanipe alama kabla sijawaambia chochote. Walimu wa sayansi hutoa 2 au 3. Walimu wa lugha, cha ajabu, ndio hutoa 4.

Kozi nimeibadilisha kwa kiasi ninachoruhusiwa. Cummins yupo, Lau yupo, lakini wanakuja wiki ya nne. Wiki ya kwanza kila mwanachuo wa sayansi anasimama mbele ya wenzake dakika tano, anaeleza dhana moja ya somo lake kwa Kiswahili, bila neno la Kiingereza, na mwenye kamusi ya TUKI anakaa mbele kama refa. Wanatoka jasho. Waliosoma shule za msingi za serikali, ambao kwenye kozi nyingine wanakaa kimya kwa sababu ya Kiingereza chao, siku hiyo wanaibuka wababe, na wale wa "English medium" wanaomba waazimwe maneno. Ni dakika chache tu, na wapo wenzangu idarani wanaoona ni mchezo.

Fomu ya TP sijafanikiwa. Nilipeleka maombi kipengele kile cha alama 10 kigawanywe, tano za Kiingereza cha somo na tano za namna mwalimu anavyotumia lugha walizonazo wanafunzi. Nilijibiwa kwamba fomu ni moja kwa masomo yote na itapitiwa wakati wake. Mwaka huu, kwenye somo la kwanza nililokwenda kulitazama, nilikiacha kipengele hicho wazi. Siku ya pili karani wa ofisi ya TP akanipigia simu kwa heshima zote: "Dokta, samahani, hapa kwenye lugha umesahau kujaza. Niandike ngapi?"